Samaki wa Mashavu Meupe

Hebu mwone anavyofika. Jua la Mbotela, hapa Nairobi, bado halijapanda juu ya mabati, moshi wa mandazi ya kwanza ndio unaanza kutambaa kando ya ukuta, na tuktuk inaingia uchochoroni kinyumenyume huku dereva akipiga honi kana kwamba kuna mtu wa kumzuia. Nyuma ameketi mama mmoja wa makamo, kitambaa cha kichwa amekikaza, mguu mmoja ameukanyagisha juu ya sanduku la barafu lisiteleze. Anateremka. Kabla hajamsalimia mtu, anausalimia mfereji: anaufungua, anaona maji yapo, anaufunga. Ndipo anageuka na kusema, "Hamjambo nyote." Na kwenye mfuko wa aproni yake kimechungulia kichwa cha twiga.

Twiga wa mti, usishtuke. Tutafika huko.

Jina lake ni Phelister Awuor, lakini ukimuulizia Phelister pale sokoni watu watakutazama tu. Uliza Nyar Uyoma, yaani binti wa Uyoma, huko ziwani alikozaliwa. Hapo hata mtoto atakunyooshea kidole: yule pale, meza ya mwisho, karibu na maji.

Meza hiyo ya mwisho ina habari yake. Soko letu la samaki ni dogo, meza chache zimepangwa kuufuata ukuta, na mfereji ni mmoja. Kwa hiyo meza ya mfereji haina mwenyewe wa kudumu. Desturi ya pale ni kwamba anayemaliza samaki wake kabla jua halijashuka ndiye anayekaa karibu na maji, kwa sababu ndiye mwenye kazi nyingi ya kuosha. Anayezoea kurudi nyumbani na samaki anasogezwa, anampisha mwingine. Mwenyekiti wa soko, Bwana Kiilu, ndiye anayetamka, na akishatamka hakuna kununa.

Sasa, ukipita kwenye meza nyingine utasikia kabla hujaona. Pa! Pa! Pa! Hiyo ni mikia ya samaki kwenye karai. Siku hizi samaki wengi wa kwetu hawatoki ziwani. Wanatoka kwenye mabwawa ya watu huko mbele ya Komarock, ukiifuata barabara ya Kangundo, na wanafika wakiwa hai. Na mteja wa Eastlands anampenda samaki anayeruka. Akiruka, ni mbichi, habari imekwisha. Kwa hiyo samaki anawekwa kwenye karai kavu aruke watu wamwone. Akichoka akanyamaza, anamwagiwa maji kidogo usoni ili aruke tena. Hivyo hivyo mpaka apate mnunuzi au akate roho, lolote litakalotangulia.

Nyar Uyoma naye alifanya hivyo kwa muda mrefu, na alikuwa hodari. Alijua kumwagia maji kwa ncha za vidole, kidogo tu, mkia ukapiga karai kama ngoma. Kilichomgeuza ni chakula cha Jumapili moja.

Baba yake, mzee Owuor, alifanya kazi reli mpaka akastaafu, na sasa anaishi na binti yake. Jumapili hiyo alipikiwa ngege wa mchuzi, samaki aliyekuwa ameruka kwenye karai tangu asubuhi na kukosa mnunuzi. Mzee alipomgusa kwa kijiko, nyama iliachana na mifupa ikalala kwenye mchuzi kama uji. Akaweka kijiko chini.

"Awuor, huyu samaki alikufa vibaya."

"Baba, huyu? Alikuwa anaruka mpaka nilipoweka kisu!"

"Ndiyo hiyo ninayokuambia."

Mzee si msemaji. Binti ilibidi amchimbe. Ndipo akamkumbusha jinsi alivyokuwa akivua Uyoma kila akienda likizo: akimtoa samaki kwenye ndoana, kabla hajafikiria kingine, anampiga kichwani, mara moja, kwa kipande cha kasia kilichovunjika. "Ulikuwa unanishikia ndoo," akamwambia binti yake. "Umesahau? Samaki akipigana na kifo mchana kutwa, anazimaliza nguvu zote zilizo mwilini. Wewe unakuja kula kilichobaki. Halafu tena," akakivuta kijiko karibu lakini hakula, "anaumia. Anaumia bure."

Asubuhi iliyofuata Nyar Uyoma alifika sokoni, akainua gunia bichi lililofunika samaki, akaangalia ndani ya karai lake kama mtu anayeliangalia kwa mara ya kwanza. Kinywa kilikuwa kinafunguka, kinafumba. Kinafunguka, kinafumba. Mteja mmoja akasimama akasema, "Hebu mrushe nione." Yeye akaitazama ile mikono yake yenye maji, akaipangusa kwenye aproni.

"Leo sirushi," akasema.

Tangu hapo akaamua kwamba kwenye meza yake hakuna samaki atakayekufa polepole. Na huyu mama akishaamua jambo, ni afadhali umpishe.

Upande wa pili wa ukuta kuna kibanda cha Wathome, mchonga vinyago, Mkamba mpole mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Alimwendea yeye.

"Nitafutie kifimbo kifupi, kizito."

"Cha kumpiga nani, dada? Nisije nikaitwa shahidi."

"Samaki."

Wathome akaacha kupiga patasi. "Samaki amekukosea nini?"

Alipoelezwa akacheka, kisha akafikiri, kisha akaingia ndani akatoka na twiga. Alikuwa wa mti wa mzeituni, mzito kama jiwe, aliyevunjika miguu yote minne wakati wa kuchongwa, na hakuna mgeni atakayenunua twiga wa kulala. "Shika shingo," akasema. "Kiwiliwili ndicho kizito. Pigia hicho." Akapiga msasa pale miguu ilipokatikia, akampa. Nyar Uyoma akampima mkononi, akapiga hewa mara moja, akaridhika.

Usidhani mambo yalinyooka. Asubuhi ya kwanza alikwenda mwenyewe bwawani kwa Mwangangi, mfugaji anayemuuzia samaki, akaomba aonyeshwe mmoja. Akafumba macho, akapiga. Alipiga puani, tena kwa huruma. Samaki akaruka kutoka mikononi mwake akarudi bwawani, na kichwa cha twiga kikamgonga yeye mwenyewe kwenye paja.

"Huyo umempa usingizi au umempa hasira?" Mwangangi akauliza, ameshika kiuno kwa kucheka.

Yeye hakucheka. Kilichomuuma ni kwamba alikwenda kumpunguzia samaki maumivu, akamwongezea. Akasema hatapiga tena akiwa amefumba macho, wala hatapiga kwa huruma, kwa sababu pigo la huruma ndilo baya zaidi. Akaomba kichwa cha samaki aliyekwisha kukatwa, akakaa nacho chini akikipapasa kwa dole gumba mpaka akajua ubongo umelala wapi: juu ya macho, nyuma kidogo, pale ambapo mfupa unateremka. Akajifunza kumfunika samaki macho kwa kitambaa kilicholoa, maana samaki asiyeona hutulia. Akajifunza kulowesha mikono kwanza. Halafu pigo moja, la kweli.

Ukimpata sawasawa utajua. Mwili unatetemeka mara moja kutoka kichwani hadi mkiani, kisha kimya, na ukimwinamisha huku na huku jicho haliyumbi tena kutafuta maji. Hapo hapo bwawani alfajiri, kabla ya kitu kingine, kisu kinaingia chini ya shavu, anakata, anamtumbukiza kichwa chini kwenye ndoo ya maji yenye barafu. Damu yote inatoka. Maji yanageuka mekundu; akifika kwenye mfereji wa soko, kabla wateja hawajaja, anayamwaga, anatia mengine. Kisha anampaa magamba, anatoa utumbo, anakwangua kwa kijiko ule mstari mweusi wa damu ulioshikana na uti wa mgongo, kwa kuwa huo ndio huanza kunuka kabla ya kingine chochote. Kisha barafu. Mwangangi naye alikubali kuwahamishia samaki wake kwenye tangi la maji safi siku moja kabla ya kuwauza, bila chakula, ili watoe ladha ya tope.

Mzee Owuor alipopikiwa wa kwanza alikula mpaka akafuta sahani kwa ugali. Alipomaliza akasema, "Kesho uniletee mkubwa."

Kwa hiyo nyumbani alishinda. Sokoni ndiko alikoanza kushindwa, na kisa chake ni mashavu.

Wewe unajua samaki anavyokaguliwa. Mama yako alikufundisha, naye alifundishwa na mama yake: unaingiza kidole, unainua shavu, unaangalia ndani. Ndani kukiwa kwekundu, ni mbichi, toa kikapu. Kukiwa kweupe, huyo amelala, mrudishe. Muthurwa utaona hivyo, Mbotela hivyo, Komarock hivyo. Na samaki wa Nyar Uyoma, aliyetolewa damu yote, ndani ya shavu ni mweupe kama karatasi. Huruki, huna damu, umelala kimya kwenye barafu. Nani atakununua?

Siku za mwanzo walimwonea haya. Walikuwa wanainua shavu, wanalishusha, wanasema, "Nitarudi, mama." Baadaye haya ikaisha. Kijana mmoja wa boda akainama akachungulia akasema, "Mathe, hii samaki yako haina damu kabisa. Si uipeleke dispensari?" Watu wakacheka mpaka meza ya mwanzo. Na aliyecheka zaidi ni Shiundu.

Shiundu ndiye jirani yake wa meza, bwana mnene mwenye sauti ya kuongozea kwaya, na karai lake ni kubwa kuliko ya wote. Si mtu mbaya, lakini mdomo wake haujui kupumzika. Kila mteja akipita alikuwa anaimba: "Samaki hai huku! Wafu upande ule!" Kisha anamgeukia Nyar Uyoma. "Shemeji, usininunie, ni biashara tu."

"Ninune kwa nini? Imba. Kwaya haijakuita."

Lakini jioni alikuwa anapakia samaki kurudi nyumbani, na kila mtu anamwona.

Siku iliyomuumiza ni ya Mbeti. Mbeti ana kibanda cha chakula kando ya Jogoo Road ambako madereva na makarani husongamana mchana, na alikuwa mteja wake tangu zamani. Cha kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe hali samaki. Amezaliwa Mwingi, kwao samaki hakupikwa, na harufu yake hajawahi kuizoea. Anawapika kwa ustadi, anaonja mchuzi wa nyama tu. Basi samaki anawajua kwa kidole na kwa pua. Asubuhi hiyo akainua shavu, akalitazama, akainua la pili, akarudisha samaki kwenye barafu kwa kishindo.

"Nyar Uyoma, sisi tumetoka mbali. Huyu alikufa lini?"

"Leo, alfajiri. Nimempiga mwenyewe."

"Leo? Na damu amekunywa nani?"

"Mbeti, mnuse. Mbonyeze hapa mgongoni, uone kidole kinavyorudishwa."

"Mimi nina watu wa kulisha, sina muda wa kubonyeza." Akahamia kwa Shiundu, akachukua samaki watatu wanaoruka, na alipokuwa akiondoka akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mtu akitaka kuuza wa jana aseme ni wa jana."

Hilo ndilo lililomfikia Kiilu. Mwenyekiti alikuja mchana, kofia mkononi, dalili kwamba ana neno zito.

"Mama, unajua desturi yetu. Unarudi na samaki kila jioni. Shiundu anamaliza mapema, na bado anakuja kuchota maji hapa kwako kwa ndoo. Nakupa mpaka Jumamosi. Usipomaliza, unasogea."

"Mwenyekiti, nikisogea mbali na maji, kazi yangu imekwisha. Mimi siwezi kutoa damu kwenye kikombe."

"Basi rudi kwenye karai kama wenzako. Nani alikukataza?"

Hapo sasa ndipo mambo yalipokuwa magumu. Si meza tu. Bila mfereji hawezi kubadilisha maji, bila kubadilisha maji hawezi kufanya kazi kwa njia aliyoichagua, na angelazimika kuchagua: arudi kuwarusha samaki, au aache kabisa.

Wathome alisikia yote kutoka upande wa pili wa ukuta. Akaja na kigoda chake.

"Dada, na ukiwapiga tu, usiwakate? Shavu litabaki jekundu. Samaki hataumia, mteja atafurahi."

Lilikuwa shauri zuri, na Nyar Uyoma alilifikiria kweli. Alimgeuza twiga mkononi mara kadhaa. "Damu ikibaki ndani, jua hili litamharibu kabla ya jioni," akasema. "Nitakuwa nimemuua vizuri halafu nimemuuza vibaya. Na Mbeti atakuwa sahihi."

"Basi mpake rangi ya keki!" Shiundu akaimba kutoka mezani kwake.

"Shiundu," akajibu bila kugeuka, "wewe utakula hiyo keki."

Halafu akautazama mfereji, na Wathome anasema aliona uso wake ukibadilika. "Wanaona weupe," akasema polepole. "Hawajawahi kuuona ukija."

Jumamosi alifika na tuktuk kama kawaida, lakini safari hii alikuwa na pipa la maji lenye kifuniko, na ndani samaki wazima wakiogelea kwa nafasi, wala si kwa kubanana. Akafunika pipa kwa gunia lililoloa ili watulie gizani. Akapanga ndoo mbili za maji na barafu chini ya mfereji. Akasubiri mpaka soko likajaa, akina mama wa kanisa wametoka mazoezi ya kwaya, madereva wamekuja kutafuta kitoweo. Mbeti naye alikuwa kwa Shiundu, kidole kimeshaingia shavuni.

"Haya!" Nyar Uyoma akaita, na si kawaida yake kuita. "Anayetaka kujua damu ya samaki wangu imekwenda wapi, asogee."

Nani atakataa mwaliko kama huo? Wakasogea. Akalowesha mikono, akafunua gunia kidogo, akamtoa ngege mmoja mnene, akamlaza kwenye ubao, akamfunika macho. Samaki akatulia. Kabla hajafanya jambo, akainua shavu polepole.

"Mbeti, njoo. Rangi gani?"

"Nyekundu," Mbeti akasema, hataki lakini anasema.

"Wote mmesikia."

Twiga akapanda, akashuka. Pigo moja. Mwili ukatetemeka mara moja, ukanyamaza.

"Yesu wangu!" akasema mama mmoja wa kanisa, akarudi nyuma ameshika kifua. "Nyar Uyoma! Unaua mbele za watu hivi? Hata huoni aibu?"

Nyar Uyoma hakumjibu kwa hasira. Alimwinamisha samaki huku na huku, jicho halikuyumba. Kisha akanyoosha twiga kuelekea kwenye karai la Shiundu, ambako samaki walikuwa wamelala ubavu, vinywa vikifunguka na kufumba.

"Na wale, mama? Wanafanya nini? Wanaimba?"

Watu wakageuka. Ilisikika pa moja tu, ya mkia, tena dhaifu.

"Tangu asubuhi," akasema. "Mimi nimeua mmoja mbele yenu. Ninyi mmetazama wale wakifa tangu asubuhi, na hakuna aliyesema Yesu."

"Aaah, shemeji, sasa unaniingilia!" Shiundu akaanza, lakini sauti yake haikufika mbali.

Kisu kikaingia chini ya shavu. Samaki akatumbukizwa kwenye ndoo, na maji yakaanza kuwa mekundu, wingu juu ya wingu. Akayamwaga, akatia mengine chini ya mfereji. Hayo yakawa ya waridi. Ya tatu yakabaki meupe. Ndipo akamtoa, akamweka mbele ya Mbeti.

"Sasa inua."

Mbeti akainua. Akaangalia. Akainua la upande wa pili. Kidole chake kikakaa pale muda mrefu.

"Aiya," akasema taratibu. "Kumbe ndiye huyu huyu."

"Ndiye huyu. Umemwona mzima, umemwona akifa, umeona damu. Sasa niambie ni wa jana."

Mbeti hakuomba msamaha, si mtu wa hayo. Akafanya kitu kingine. Akachukua yule samaki, akachukua na mmoja wa Shiundu aliyekuwa anapiga mkia kwa mbali, akasema, "Nitawaweka wote wawili kivulini, bila barafu, mpaka wateja wa mchana waishe. Halafu nitawapika na kuwapa watu bila kuwaambia. Nikirudi, nitasema ukweli hata ukiwa mchungu." Akasema hivyo akimtazama Kiilu, aliyekuwa amesimama nyuma na kofia yake.

"Jikoni usimkaange akiwa amekakamaa kama ubao," Nyar Uyoma akamwambia. "Atajikunja kwenye mafuta. Akilegea kidogo, ndiyo mweke."

Watu waliobaki wakanunua baadhi, kwa udadisi tu, na kila mmoja alitaka wake apigwe mbele yake. Hata yule mama wa kanisa alichukua, ingawa alitazama pembeni pigo liliposhuka. Lakini barafuni walibaki waliouawa alfajiri, na jua lilikuwa linashuka, na Kiilu alikuwa anazungukazunguka. Nyar Uyoma alisafisha ubao. Akausafisha tena.

Mbeti alirudi na karai tupu kichwani na aproni yenye mafuta.

"Mwenyekiti, sikia," akasema. "Wa Shiundu alianza kunuka kabla sijamtia chumvi, na mbele yangu pale nilikuwa na wateja. Sikumpika. Samahani Shiundu, sikumpika. Huyu mwingine nimemkaanga, madereva wamemla mpaka mifupa ikabaki kama kitana. Mmoja akaniuliza kama nimeanza kuleta samaki kutoka ziwani kwa ndege." Akamgeukia Nyar Uyoma, akashusha sauti, lakini sisi Mbotela kushusha sauti hakusaidii. "Na nimeonja. Kipande kidogo, cha mkiani. Usiwaambie watu wa kwetu."

"Kikoje?"

"Hakina harufu." Alionekana kama mtu aliyeibiwa sababu yake ya kutokula. "Miaka yote hii nilidhani samaki ndivyo anavyonuka. Nipe waliobaki. Wote. Na Jumatatu uniletee."

Kiilu akavaa kofia. Hakutamka lolote, na kwa Kiilu kutotamka ni kutamka. Meza ikabaki.

Nilitaka kuishia hapo, maana wengi wenu mnapenda iishie hapo. Lakini ukienda sokoni leo utaona mambo yameendelea. Watu bado wanainua shavu, mkono umezoea, lakini siku hizi kwenye meza ya mwisho wanaliinua kisha wanasema, "Ndiyo, mweupe, nipe." Na anayerudi nyumbani na samaki jioni sasa ni Shiundu.

Juzi alikuja kuosha karai lake kwenye mfereji. Hakuimba. Aliliosha mara mbili, akabaki ameinama, maji yakimchuruzika viganjani.

"Shemeji," akasema.

"Sema."

"Ule mfupa wa kichwani. Pale unapopiga. Ni juu ya macho, ama nyuma?"

Nyar Uyoma akamwangalia. Alikuwa anajua anachoulizwa, na alijua hesabu ya pale sokoni kama anavyoijua mikono yake. Karai la Shiundu ni kubwa, sauti yake ni kubwa, Mwangangi anamuuzia pia. Akijifunza pigo na ndoo, atamaliza samaki wake mapema kuliko yeye, na Kiilu ataivua tena ile kofia. Meza ni moja. Mfereji ni mmoja. Na huyu ndiye aliyewaita samaki wake wafu mbele ya soko zima.

Nyuma ya Shiundu, kwenye ndoo isiyo na maji, samaki wawili walikuwa wamelala ubavu. Kinywa kinafunguka, kinafumba.

Akamtoa twiga mfukoni, akamlaza mezani katikati yao wawili, shingo ikimwelekea Shiundu, na kiganja chake akakiacha juu ya kiwiliwili. Hapo ndipo nilipowaacha, kwa kuwa mvua ilikuwa inaanza. Wewe, ungekuwa ndiwe Nyar Uyoma, ungeuondoa mkono wako?